Kocha wa maisha hatoi mawaidha: Somo nililolipata Chepsaita

Nilifika Chepsaita jioni ya mvua, viatu vimejaa tope, na kichwani nimebeba hotuba niliyoipanga tangu Mombasa. Chepsaita ni kijiji cha wakulima pande za Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu, nje ya jiji la Eldoret. Watu wa huku hulima mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa, na wapenzi wa riadha wanakijua kijiji hiki kwa mbio za nyika zinazobeba jina lake. Mimi sikufuata mbio. Nilimfuata mpwa wangu.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja huku bara. Kwa majuma matatu simu yake ilikuwa haipatikani. Sisi Wakenya tuna neno letu kwa hali hiyo, tunasema mtu "yuko mteja", kwa sababu ya yule bibi wa kwenye simu anayetuarifu kwamba mteja tuliyempigia hapatikani. Dada yangu alikuwa ameuza bangili zake mbili za dhahabu kulipa karo ya muhula uliopita. Halafu rafiki mmoja wa kijana akatuambia ukweli: mpwa wangu yuko kwao Chepsaita, anasaidia kukama ng'ombe, na darasani hajaonekana tangu muhula uanze.

Familia ilikaa kikao, nami nikachaguliwa kwenda. Kwanza mimi ndiye mjomba mtu. Pili, nina diploma ya maendeleo ya jamii, na mwaka jana nilihudhuria mafunzo mafupi ya ukocha wa maisha, cheti nimekitundika sebuleni. Dada yangu aliniambia, "Wewe ndiye unayejua kuzungumza na watu."

Basi usiku ule nikazungumza. Baada ya swala ya Isha na ugali wa mwenyeji wetu, nilimweka kijana mbele yangu nikamweleza habari za bangili za mamake, habari za babu yake aliyekufa bila kujua kusoma barua, habari za wenzake waliomaliza na sasa wanajenga. Nilizungumza kama saa nzima. Yeye alikuwa na jibu moja tu, "Sawa, mjomba." Nikiuliza swali, lilikuwa la kumhukumu: kwa nini umemfanyia mamako hivi? Alijibu, "Sawa, mjomba," hata pale ambapo "sawa" haikuwa jibu. Kisha akaomba ruhusa akalale, kwa kuwa ng'ombe hukamwa alfajiri.

Nilibaki macho chini ya mablanketi matatu, baridi ya Eldoret si mchezo kwa mtu wa pwani, nikatambua kwamba kila kitu nilichofundishwa katika ule ukocha nilikuwa nimekivunja kwa saa moja. Mambo hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza leo, msomaji wangu. Ya mpwa wangu nayaandika kwa idhini yake.

Neno "mteja" lilitoka wapi

Siku hizi "kocha wa maisha" amekuwa mtu wa kila mahali. Ukifungua simu unamkuta, amevaa suti, anakuambia uamke saa kumi usiku uwe tajiri. Wengi wetu tumechukulia kwamba huo ndio ukocha, yaani mtu aliyefanikiwa kuwaambia wasiofanikiwa la kufanya. Mafunzo yenyewe yanasema kinyume chake.

Mizizi yake iko kwa mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1987. Wakati wake, mtu mwenye shida za nafsi alipokwenda kwa mtaalamu aliitwa mgonjwa, na mtaalamu ndiye aliyeamua ugonjwa ni upi na dawa ni ipi. Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1942, alishika neno jingine: mteja. Mwaka 1951 akatoa kitabu kizima juu ya tiba inayomweka mteja katikati. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anayekuja kwako ndiye anayeyajua maisha yake, na ndani yake mna uwezo wa kujinyoosha akipata mazingira yanayofaa. Kazi ya msaidizi ni kuyatengeneza mazingira hayo.

Rogers alikuwa anazungumzia tiba. Ukocha ulichota kwake, kisha ukachota pia kwenye michezo. Mwaka 1974, mwalimu wa tenisi wa Marekani aitwaye Timothy Gallwey aliandika kwamba wanafunzi wake walijifunza vizuri zaidi alipopunguza maagizo na kuwafanya wautazame mpira wenyewe. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, akayapeleka mawazo hayo makazini kwa kitabu chake cha mwaka 1992. Mwaka 1995 likaundwa shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, ambalo mwaka 2019 lilipanga upya stadi za kazi hii zikawa nane. Ukizisoma zote nane, hutakuta hata moja inayosema kocha lazima awe hodari wa kushauri. Zinataja maadili, makubaliano, uaminifu, kuwepo kwa moyo wote, kusikiliza, na kumsaidia mtu ajione na akue.

Wahenga wetu walilisema jambo hili kwa maneno machache: siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilikwenda Chepsaita nikidhani naujua mtungi kwa kuutazama kwa nje.

Nguzo tatu

Katika makala yake ya mwaka 1957, Rogers alieleza hali zinazotakiwa ili mtu abadilike. Tatu kati ya hizo zinamhusu msaidizi mwenyewe, na ndizo makocha wanaofundishwa vizuri huanza nazo.

Ya kwanza ni kumthamini mtu bila masharti. Hii haimaanishi kukubali kila analofanya. Inamaanisha kwamba heshima yako kwake haitegemei afanye unavyotaka wewe. Mpwa wangu aliposikia habari za bangili, alielewa kwamba nafasi yake moyoni mwetu imeshikizwa kwenye karo. Mtu akijiona amewekewa bei, atakuficha kila kitu kinachoweza kuishusha.

Ya pili ni kuelewa kwa jicho lake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kocha anajaribu kuona jambo linavyoonekana kwa mwenyewe, kisha amwambie alivyoelewa, ili arekebishwe palipo na makosa. Huruma peke yake haitoshi hapa, maana unaweza kumhurumia mtu bila kumwelewa. "Maskini, pole sana" ni huruma. "Naona kama lililokuuma zaidi ni kwamba hukuwa na mtu wa kumwambia, au nimekosea?" huko ni kujaribu kuelewa.

Ya tatu ni kuwa mkweli wa nafsi. Kocha hajifanyi malaika. Akihofia, hajidai hahofii. Akikosea, anasema amekosea. Watu wetu wana pua kali kwa unafiki, na vijana ndio zaidi.

Ukizitazama nguzo hizi, hakuna hata moja inayohitaji suti.

Kocha hakimbii

Kule Eldoret neno kocha lina uzito wake, kwa sababu ni nchi ya wakimbiaji. Mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka mjini uko Iten, na hapo ndipo alipofika mwaka 1976 mtawa kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's. Hakuwa mwanariadha wala hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake na kuwauliza. Shule hiyo ilimtoa Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Baadaye Brother Colm akamfundisha David Rudisha, aliyekimbia mita 800 jijini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Siku ile London, mzee huyo hakukimbia hata hatua moja. Miguu ilikuwa ya Rudisha na pumzi zilikuwa za Rudisha. Wazazi na wajomba tunalisahau hili haraka. Tunataka kukimbia mbio za watoto wetu kwa miguu yetu, na kama tulishaanguka zamani, tunataka wao walipe deni la kuanguka kwetu.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya makocha wawili hawa. Wa riadha huandika ratiba: leo kilomita kadhaa, kesho mazoezi ya kasi. Anajua jambo ambalo mkimbiaji hajui. Kocha wa maisha haandiki ratiba ya mtu. Akimwandikia, amegeuka mshauri, nayo ni kazi nyingine yenye heshima yake.

Stadi za kazi, kama zilivyonifaa asubuhi

Alfajiri ile, baada ya swala, nilimkuta kijana anabeba maziwa kuyapeleka barabarani yanakochukuliwa na gari. Nikamwomba nifuatane naye. Mahindi yalikuwa yamepita kimo cha mtu pande zote mbili za njia, umande unatulowesha. Nikamwambia neno moja ambalo lilinigharimu: "Jana nilikosea. Nilikuja kusema, sikuja kukusikiliza. Unisamehe."

Hakunijibu. Tukaenda.

Stadi ya kwanza kabisa ni makubaliano. Kabla ya mazungumzo yoyote ya maana, mnakubaliana yatakuwa juu ya nini, yatakaa wapi, na nani ataambiwa. Nilimwambia, "Ukipenda kuzungumza, hakuna nitakachompelekea mamako bila ruhusa yako. Isipokuwa ukiniambia unataka kujidhuru au kudhuru mtu, hapo sitanyamaza." Kocha mzuri huyasema haya mapema, siri na mpaka wa siri. Baadaye kijana aliniambia kwamba hapo ndipo alipoanza kufikiria kuniambia.

Stadi ya pili ni kunyamaza. Hii ni ngumu kwetu sisi watu wa pwani, maana mbele yetu kimya hakipiti bila kuekewa neno. Lakini swali likishaulizwa, kimya ndicho kinacholifanyia kazi. Nilimwuliza, "Hivi mambo yako yakoje, kwa unavyoyaona wewe?" Kisha nikafunga mdomo. Tulitembea mpaka barabarani, tukasubiri gari la maziwa, likaja likaondoka. Mara tatu nilikuwa nusura nimjibie. Tuliporudi nusu ya njia, alisema, "Mjomba, nilifeli masomo mawili."

Stadi ya tatu ni kusikiliza mpaka yasiyosemwa. Alipoendelea, niligundua kwamba kila mara alirudi kwenye jambo moja. Hakulalamikia ugumu wa masomo wala hakulilaumu chuo. Alisema, "Mama aliuza bangili, na mimi nikafeli," halafu akasema tena kwa maneno mengine, na tena. Ilhali mimi nilikuja na dhana zangu: mihadarati, mwanamke, kamari ya simu. Hakuna hata moja iliyokuwemo.

Stadi ya nne ni kumrudishia mtu ulichosikia, kwa ufupi na bila kukipamba. Nilimwambia, "Nikikusikia, ninaona kama unaweza kuubeba huko kufeli. Kinachokushinda ni uso wa mamako." Alisimama njiani. Akaweka ndoo chini. Akalia, na mimi nikanyamaza tena, safari hii bila shida.

Stadi ya tano ni maswali ya wazi. Swali la kufunga hujibiwa ndiyo au la. Swali la wazi humfanya mtu aingie ndani kutafuta. Na katika maswali ya wazi, jihadhari na "kwa nini". Kwa lugha yetu, "kwa nini umefanya hivi" karibu kila mara ni fimbo iliyovishwa kanzu. "Ilikuwaje", "ungependa nini", "ni kitu gani kinakuzuia", hayo hufungua mlango.

Hatua nne za mazungumzo

Mpango uliosambazwa na kitabu cha Whitmore una hatua nne ambazo kwa Kiswahili naziita lengo, hali, njia na azma. Tulizipitia siku ya pili, tumekaa juu ya gogo nyuma ya zizi, bila karatasi.

Lengo. Nilimwuliza, "Kesho jioni nikiwa naondoka, ungependa uwe umefika wapi?" Mimi moyoni nilikuwa na lengo langu: arudi darasani. Yeye akasema, "Nataka mama ajue, na ajue kutoka kwangu." Ningemsukuma kwenye lengo langu, angeniambia sawa mjomba, na ningerudi Mombasa na ushindi wa uongo.

Hali. Hapa mnatazama mambo yalivyo, bila kuyakuza. Nikamwuliza anachojua kwa hakika na anachokisia. Ikabainika kwamba alikuwa anaamini atafukuzwa chuoni, lakini hakuwa amewahi kwenda idarani kuuliza, wala hakuwa amesoma kanuni za kurudia mtihani. Majuma matatu alikuwa ameishi na hukumu aliyojisomea mwenyewe.

Njia. Kocha hauliziwi jawabu moja, anamwomba mtu ataje njia zote, hata za kipumbavu. Kijana alitaja tano: kumwandikia mamake ujumbe, kusafiri kwenda Mombasa, kumpigia simu, kunituma mimi nikaseme, na kutofanya lolote. Ile ya kunituma ilinivutia, nakiri, kwa kuwa ingenifanya shujaa. Niliuma ulimi. Akaifuta mwenyewe: "Wewe ukisema, bado atakuwa hajasikia kutoka kwangu."

Azma. Atafanya nini, lini, na atahitaji nini? Alisema atapiga simu usiku baada ya Isha, na Jumatatu atakwenda idarani. Akataka mimi nikae karibu wakati wa simu, lakini nisiseme kitu.

Alipiga. Dada yangu alilia, nikamsikia ingawa simu haikuwa ya kipaza sauti. Kisha akamwuliza mwanawe, "Umekula?"

Nasaha je? Na dini je?

Najua kuna msomaji anayesema: sisi tumefundishwa kunasihiana, kuamrishana mema na kukatazana maovu, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Je, ukocha huu hautuletei watoto wasioambiwa kitu?

Hoja hii ina nguvu, na sitaki kuipita. Ukocha haufuti nasaha. Halali na haramu hazipigiwi kura juu ya gogo. Anayetaka fatwa aende kwa mwanachuoni, na mzazi ana haki ya kumwambia mwanawe "hili sikubali". Swali ni lini, na baada ya nini.

Wengi wetu tumeisikia darasani hadithi ya yule kijana aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akiomba aruhusiwe zinaa. Waliokuwepo walimkemea. Mtume akamwambia asogee karibu. Akamwuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mamake, kisha kwa bintiye, kwa dadake, kwa shangazi zake, na kila swali kijana akajibu mwenyewe kwamba la. Mwisho akamwekea mkono na kumwombea dua. Hukumu ya zinaa ilikuwa inajulikana, haikuwa na shaka. Lakini yule kijana hakuanzishiwa na hukumu. Alisogezwa karibu, akaulizwa, akajijibu. Sisemi kwamba huo ulikuwa ukocha wa kisasa. Ningekuwa nakosa adabu. Nasema tu kwamba anayedhani kuuliza na kusogeza mtu karibu ni mambo ya Wazungu, amesahau alichosomeshwa.

Na hata Afrika yetu ina mfano wake. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mradi wa benchi la urafiki: bibi wazee wa mtaani, waliofundishwa, hukaa kwenye benchi na mwenye dhiki. Hatua ya kwanza kwa Kishona huitwa kuvhura pfungwa, maana yake kufungua fikra. Mwenye dhiki hutaja shida zake, huchagua moja, na yeye mwenyewe hutunga la kufanya, bibi akimwongoza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Hiyo ni tiba nyepesi ya msongo, haiitwi ukocha, lakini ni ndugu wa baba mmoja.

Mwenyeji wangu wa Chepsaita naye hakuwahi kusikia neno ukocha wa maisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, naye alimpa mpwa wangu ndoo ya maziwa. Majuma matatu alimlisha, akamwamsha alfajiri kama wanawe, na hakumsomea hotuba. Nilipomshukuru alisema, "Nilijua atasema akiwa tayari." Alifanya nusu ya kazi kabla sijafika.

Mipaka, na namna ya kumjua tapeli

Ukocha wa maisha si tiba. Mtu anayesikia sauti, asiyelala siku nyingi, anayetaja kufa, aliyenaswa na mihadarati, huyo anahitaji daktari au mshauri nasaha mwenye sifa. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia. Jina la kocha wa maisha, kwa upande mwingine, mtu yeyote anaweza kujibandika leo jioni. Kwa mambo ya uraibu, NACADA wana nambari ya bure, 1192. Kocha anayejua kazi yake hujua pia pale inapoishia, na humpeleka mtu panapofaa bila kuona haya.

Kwa hivyo ukitaka kumlipa mtu, mwulize mambo machache. Alisomea wapi, na saa ngapi amefanya kazi hii akisimamiwa? Siri yako atailindaje? Mkikutana, nani huzungumza zaidi? Akikuahidi utajiri, mume, viza au cheo, ondoka. Akikusimulia siri za wateja wake wengine ili akuvutie, ondoka mbio zaidi, kwa kuwa kesho simulizi itakuwa yako. Na akikufanya umhitaji kila siku, jua kwamba anajijenga yeye. Kazi nzuri ya kocha ni ile inayomwachisha mtu kocha.

Tunaloweza kuanza nalo nyumbani

Huhitaji cheti ili kuanza. Katika maskani zetu kuanzia Likoni hadi Lamu kuna vijana waliokwisha kusikia mawaidha mpaka wakaota sugu masikioni. Wengine wameshakuwa "mteja" hata wakiwa wamekaa na sisi sebuleni. Jaribu haya kwa juma moja. Muulize swali moja la wazi, kisha subiri zaidi ya unavyoweza kustahimili. Akisema, mrudishie ulichosikia kabla ya kusema unachofikiria. Akimaliza, muulize, "Je, kuna jingine?" Mara nyingi jambo lenyewe liko kwenye hilo jingine. Na ukiona lazima umpe shauri, omba ruhusa kwanza: "Nina wazo, ungependa kulisikia?" Akili ni nywele, kila mtu ana zake, wewe unampa kitana, kichwa ni chake.

Mpwa wangu alikwenda idarani Jumatatu ile. Aliambiwa anaweza kurudia masomo mawili, lakini atachelewa mwaka mmoja, na karo ya kurudia bado hatujui itatoka wapi. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mambo yamenyooka. Huenda akafeli tena. Huenda akaamua chuo si chake, na ikiwa hivyo, familia itakaa kikao kingine na mimi nitakuwa na kazi ya kuzuia ulimi wangu na ndimi za wengine.

Ila juzi alinipigia yeye, bila kuulizwa, akanieleza ratiba yake na baridi ya asubuhi. Nilikuwa na shauri zuri sana la kumpa kuhusu wakati wa kusoma. Nikamwuliza kama angependa kulisikia.

"Si leo, mjomba," akasema.

Nikamwambia sawa.

Wabillahi tawfiq.